Ubao Ambao Sikuuinua

Kahawa waliyotuletea asubuhi ile katika hoteli moja ya Kisii mjini niliitema kikombeni mbele ya watu, na sikuona haya. Ilikuwa unga wa kopo uliokorogwa kwa maziwa yaliyochemshwa mara tatu, na juu yake kumeganda utando wa mafuta kama ule wa maji yaliyooshewa nyama. Mhudumu alisimama na trei yake akinitazama. Nikamwambia, "Mwanangu, hii si kahawa. Haya ni maji ya kulowekea gunia." Mzee Okello, aliyeketi mbele yangu, akacheka mpaka akashika meza. Alikuwa ametoka kwao upande wa ziwa na basi la kwanza, amevaa koti la msiba ambalo mikono yake iliishia juu kidogo ya vifundo vya mikono. "Bado unayo pua ile," akasema. Nikamjibu kwamba pua ile ndiyo iliyonipa malori manne, mashine mbili za kusaga na nyumba ya ghorofa kule Suneka, sasa ningeitupa wapi? Akaacha kucheka, akavuta kikombe changu upande wake na kukinusa. "Huyo mzee tunayemzika leo," akasema, "alikufa bila kuonja hata tone." Nikasema najua. Kwa kweli mtu anayelijua jambo hilo kuliko mimi hayupo.

Tulikuwa tunakwenda kumzika Mzee Ratemo, ng'ambo ya Ikonge. Mimi kusoma nilisoma kidogo sana. Nilitoka darasa la tatu nikijua kuandika jina langu na kujumlisha, na vyote nilivyo navyo leo nimevipata kwa mikono hii miwili. Vijana wenye vyeti vya kutundikwa ukutani huja ofisini kwangu wameshika kofia mkononi. Nalisema kwa sababu ni kweli, na anayetaka kukasirika na akasirike. Huniuliza siri yangu, nami huwaambia bidii, kuamka mapema, kumcha Mungu, maneno ya aina hiyo ambayo mtu huyasema tumbo likishakuwa kubwa. Siri yenyewe ni tangi moja la kahawa, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini, wakati Wazungu bado wanatawala na kila mlima wa Nyamira unapandwa mibuni. Tangu mwaka ule sijaacha kitu kilale kikingoja kesho. Shehena ikifika Jumapili naishusha Jumapili, ikifika wakati wa mvua naishusha ndani ya mvua. Watu huita hiyo bidii. Mimi najua ni kinyaa.

Faktori ya sosaiti yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ilikuwa bondeni, kando ya mto, na kazi yangu ilikuwa matangi. Asiyejua kahawa hudhani inatoka mtini ikiwa na harufu nzuri. Kahawa mbivu ikishapita kwenye mashine ya kumenya, ganda jekundu huenda huku na punje huenda kule, lakini punje hutoka imefunikwa na ute mzito unaoteleza kama kamasi. Huwezi kuuosha ute ule kwa maji tu. Unaimwaga kahawa ndani ya tangi la saruji na kuiacha ichachuke, siku moja, siku moja na nusu, mbili kukiwa na baridi, mpaka ute uoze na kuachia. Ndipo unafungulia maji na kuisugua kwa miguu na kwa makoleo. Ukiwahi, ute unabaki. Ukichelewa, uozo unaingia ndani ya punje yenyewe, na uozo ule hautoki tena. Unaweza kuikausha kahawa hiyo mpaka iwe nyeupe kama meno, ukaitia kwenye gunia jipya ikapendeza macho, lakini siku itakapokaangwa itanuka kama kitu kilichofia ndani ya ukuta, na konzi moja yake itaharibu gunia zima. Saa ya kuosha haipo kwenye saa. Ipo mkononi. Unatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, unachota chini kabisa na kusugua, na punje zikilia kama changarawe, basi. Mkono wangu ulijua. Hakuna aliyenifundisha, mama yangu alikuwa mpika pombe, na nadhani nilizaliwa na elimu ya vitu vinavyochachuka.

Lakini mwili ulilipa. Lile rundo la maganda nyuma ya faktori lilikuwa refu kuliko mtu, jeusi kwa nzi, na chini yake yalitiririka maji ya rangi ya dawa ya kikohozi ambayo mbwa wenyewe waliyaruka. Miguu yangu ilipasuka katikati ya vidole. Nilijisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa majani ya ndimu, na bado nikiingia sokoni Ikonge akina mama wa ndizi walikuwa wakisogeza vikapu vyao upande. Mmoja alikuwa na neno lake la kila siku: "Mokaya, simama upande wa upepo unaokwenda kwenu." Wakicheka, na mimi nilicheka nao, kwa kuwa kijana wa miaka ishirini hana kitu kingine cha kufanya na uso wake. Okello, karani wa mizani, ndiye pekee aliyekula nami. Alikuwa mgeni pale, Mkatoliki kutoka ziwani, na alisema mtu aliyekulia mahali samaki wanapokaushwa hatishwi na harufu. Watu wetu walimtania kwa lugha yake, naye aliwatania kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha iliyotukutanisha. "Nyinyi watu wa ajabu," alikuwa akiwaambia wazee kwenye foleni ya mizani. "Mnapika chungu kizima na hakuna anayeonja chumvi." Wazee walicheka kwa adabu. Karibu wote walikuwa Wasabato, na Msabato hanywi kahawa, hata leo. Walilima, walichuma, walibeba vichwani mpaka shingo zikazama mabegani, na hakuna hata mmoja aliyejua kile kitu kina ladha gani.

Mzee Ratemo alikuwa mzee wa kanisa lao, mrefu, mkavu, kola imefungwa mpaka juu hata akiwa shambani. Wengine wote tulikuwa tumepanda mibuni ya aina ile iliyoletwa na bwana shamba, inayozaa kwa wingi. Yeye alikuwa na Blue Mountain. Sisi tulisema Bulumonteni, na Okello ndiye aliyetuambia maana yake ni mlima wa buluu, ulioko kisiwani mbali sana, ambako mbegu yenyewe ilianzia. Ilifika kwetu mapema, kabla vita vikubwa vya pili havijaanza, na waliokuwa wameipanda walikuwa wameshaing'oa kwa sababu haizai sana. Ratemo hakuing'oa. Miti yake ilikuwa mirefu, matawi yamelegea, vichipukizi vya rangi ya shaba, na punje zake ndefu kuliko za wenzake. Aliifuta majani kwa kitambaa. Si utani, nilimwona mwenyewe, mtu mzima na kitambaa, jani kwa jani, baada ya barabara kutimua vumbi. Siku moja Okello alichukua konzi mbili za kahawa ya Ratemo iliyokuwa imekauka, akaikaanga kwenye sufuria nyuma ya ofisi, akaiponda kwa jiwe na kuichemsha kwenye kopo. Nilipiga funda moja na kutaka kutapika, chungu ile. Akaniambia, "Ngoja. Usiteme. Ngoja ipoe." Ilipopoa kukaja utamu fulani nyuma ya ulimi ambao sijui niuiteje, kama wa tunda ambalo halioti kwetu. Tulipokezana, watu wawili na kopo moja. Nimeshalala hoteli za Nairobi na Mombasa, na kila mahali naagiza kahawa, na kila mahali naitema. Ladha ile sijaipata.

Mwaka huo kamati ya sosaiti iliamua kwamba Blue Mountain yote iliyobaki ing'olewe, na yote iliyobaki maana yake ilikuwa shamba la Ratemo. Alisimama mkutanoni. Sikuwahi kumwona mtu yule akiomba kitu kwa binadamu, na aliomba vibaya, kama anayeamuru. Alisema kahawa yake imekuwa ikichanganywa na ya watu wote ndani ya matangi, kwa hiyo hakuna anayejua ni nzuri kiasi gani. Iwekwe tangi lake peke yake, mara moja tu, ikaushwe peke yake, ipelekwe Nairobi kwa waonjaji. Wakisema ni bora, iachwe. Wakisema si kitu, atashika jembe mwenyewe. Mwenyekiti alikubali kwa sababu ya kuchoka. Kwa hiyo miti ile, miaka ishirini ya mtu na kitambaa chake, ikawa inategemea tangi moja, na tangi lilikuwa langu.

Jumapili kabla ya kuchuma, Ratemo aliniita nyumbani kwake. Nilioga mtoni mara mbili. Niliazima shati la Okello. Nyumba yake ilikuwa na bati, ya kwanza upande ule, na ndani, nilivyoona kutoka mlangoni, kulikuwa na viti sita vyenye vitambaa vya kufumwa, meza yenye Biblia, na picha ya kalenda ya mlima wenye theluji. Nikawaza, leo Mokaya utaketi kwenye kiti. Mzee alitoka akanisalimu, tukazungumza uani habari za tangi, akaniuliza maswali mazuri, ya mtu anayejua, nami nikajibu nikimwita Tata kama mtoto anavyomwita baba. Kisha akaingia ndani, na nikasikia yote, kwa kuwa dari haikuwepo na sauti ilipita juu ya ukuta. Mkewe alisema, "Harufu yake itabaki kwenye viti. Kesho kutwa mchungaji anakuja." Ratemo akasema, "Ni mtoto wa mama wa pombe, utafanyaje? Lakini mkono wake unaijua kahawa." Mkewe akauliza, "Sasa ale wapi?" "Mpeni nje," akasema Ratemo.

Binti yao Kwamboka ndiye aliyeniletea. Alikuwa rika langu. Kulikuwa na jiwe pana chini ya paa la nyuma, mahali maji ya mvua yanapodondokea, na aliniwekea hapo, ugali juu ya jani la mgomba na chinsaga, ile mboga chungu ya majani, iliyolazwa kwa maziwa, na paja la kuku, paja zima, maana hawakuwa wachoyo. Akasema, "Pole, ndani kunasafishwa," na hakuniangalia. Ilikuwa chinsaga nzuri kuliko zote nilizowahi kula. Nilikula na kuku wengine wakinizunguka miguuni. Nilisikia vijiko ndani, na sala yao ndefu ya chakula, na mtu akicheka, pengine si mimi niliyechekwa. Ningependa kusema kwamba nilisusa chakula kile. Nilikimaliza nikalamba jani. Kinyaa kilikuja njiani nikirudi, na hakikuwa kinyaa cha wao. Kilikuwa cha lile shati la Okello lenye jasho langu, na cha kile kitendo cha kulamba.

Walichuma Alhamisi na kuleta mchana, kahawa nyekundu tupu, hakuna hata moja ya kijani, nadhani waliichagua moja moja. Tukamenya, tukajaza tangi la mwisho, lile la upande wa jua. Ijumaa ilikuwa baridi na ute haukuachia. Ratemo alikuja kabla ya jua kutua, maana Sabato yao huanza hapo, na hakuvuka mfereji. Aliniuliza kutoka ng'ambo, "Itakuwa tayari lini?" Nikamwambia kesho asubuhi, Tata, kabla ya saa sita, jua likitoka. Akatazama tangi kwa muda mrefu. Akasema, "Kesho ni siku ya Mungu. Kahawa yangu haitaoshwa siku ya Mungu. Tutaosha jua likishatua." Nikamwambia jua likitua itakuwa imepita. Hapo ndipo alipopaza sauti kidogo. "Wewe kijana utanifundisha Sabato? Nimesema haitaoshwa." Okello alikuwa mlangoni mwa ofisi na alisikia. Mzee akaondoka, mgongo wake umenyooka kama mlingoti.

Jumamosi lilitoka jua kali, jua la kukausha ngozi. Nilitumbukiza mkono saa mbili asubuhi na punje zikalia kama changarawe. Saa yake ilikuwa imefika. Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo jambo lenyewe. Juu ya kila tangi kulikuwa na ubao mmoja uliozuia maji ya mfereji yasiingie. Ukiuinua, maji baridi ya mto yanaingia, yanaifunika kahawa na kuipoza, na inaweza kukaa hivyo siku nzima na isiharibike. Kuinua ubao si kuosha. Hata mchungaji hangesema ni kazi. Mtoto angeuinua kwa mkono mmoja. Okello alikuja na kikombe chake akaketi ukutani. Akasema, "Inua ubao, bwana." Nikasema mwenye mali amekataza. "Amekataza kuosha. Huu ni ubao." Nikasema, mimi ni mtoto wa mama wa pombe, najua nini mambo ya Sabato? Akaniangalia. Hakujua habari ya jiwe. Shati lake nililirudisha bila kusema neno. "Basi niinue mimi," akasema, nami nikasimama mbele ya ubao. Nilimwambia, "Karani, wewe kazi yako ni mizani." Alikunywa kikombe chake mpaka mwisho, akaenda zake, na siku ile hakurudi tena.

Nilikaa juu ya ukuta wa tangi tangu saa ile mpaka jioni. Kanisa lao liko kwenye mteremko wa ng'ambo, na nyimbo zilishuka bondeni vizuri, sauti nne. Nilikuwa namngoja mzee. Hilo sijapata kumwambia mtu. Nilikuwa nimeamua kwamba akija mwenyewe, akavuka ule mfereji na nguo zake za kanisa, akasema Mokaya nisaidie, nitauinua. Neno moja tu. Saa sita harufu ikageuka kutoka ile ya siki ambayo ni njema. Saa nane ilikuwa tamu, utamu mbaya, kama wa kidonda kilichofungwa. Saa kumi nzi walihama kutoka kwenye rundo la maganda wakaja kwangu. Pua yangu ninayojisifia ilinieleza kila hatua, kama mtu anayesoma gazeti kwa sauti, nami nilikaa nikisikiliza. Na mbaya kuliko yote ni kwamba nilistarehe. Nilivuta ule uvundo ndani nikasema moyoni, haya, sasa hii ikae kwenye viti vyenu.

Jua lilipogusa kilima walikuja wote, mzee, mkewe na Kwamboka, bado wamevaa nguo za kanisa, na ndoo mikononi. Walikuwa na furaha kama watu wa harusi. Walivua viatu, wakapandisha nguo mpaka magotini, wakaingia. Mkewe alifunika pua kwa kitambaa kisha akakiondoa, akacheka, akamwambia binti yake, "Ndivyo inavyonuka siku zote, zoea." Ratemo alikuwa na ute mpaka kwenye mapaja. Alichota punje kwa mikono miwili akaninyooshea kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Hakujua. Angejuaje? Kwao kahawa yote ilikuwa uvundo, na ladha hawakuwa nayo ya kulinganisha. "Iko sawa?" akaniuliza. Nikainama, nikanusa ndani ya viganja vyake. "Iko sawa, Tata," nikasema.

Walitandaza ile kahawa mezani juani kwa majuma mawili, wakiigeuza kwa zamu, na ikakauka ikapendeza macho. Barua ilirudi kutoka Nairobi baada ya miezi. Bwana shamba aliisoma mbele ya kamati na Okello akaigeuza kwa Kiswahili, neno kwa neno, sauti haina kitu ndani yake: punje ni ndefu na nzuri, lakini inanuka, imeoza, haifai kwa kinywaji cha binadamu. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua. Ratemo akasimama, akafunga kifungo cha kola kilichokuwa kimefungwa tayari. Akasema asante. Kesho yake nilisikia jembe kutoka faktori. Siku tatu. Hakukubali kusaidiwa, na alipomaliza alivuta mashina mpaka barabarani, ili kila anayepita ayaone. Mwezi huohuo niliacha kazi nikashuka Suneka na nguo nilizovaa, nikaanza kununua ngozi, kisha mahindi, kisha lori la kwanza. Kahawa sikuigusa tena kwa biashara. Nasema nilikuwa na akili ya kuona soko. Watu huniamini.

Sasa kilima kile chote ni chai, kijani mpaka kwenye kaburi alikozikwa. Walinipa kiti cha mbele pamoja na chifu. Nilizungumza vizuri, mimi huzungumza vizuri misibani. Nilisema marehemu alikuwa mtu wa msimamo, na kwamba kazi yangu ya kwanza ya maana niliifanya chini ya mkono wake. Watu wakaitikia. Baadaye, tukingoja chakula, Okello alinivuta kando ya mstari wa michai. Akasema, "Kuna kitu alinieleza, siku aliyorudisha kadi yake ya sosaiti. Wewe ulikuwa umeshahama." Nikamwambia aseme. "Alisema alikuona tangu asubuhi. Alikuwa anaongoza maombi, na mlango wa kanisa uko wazi, na wewe uko kule ukutani, umekaa. Alisema, karani, mimi mzee wa kanisa nilisimama mbele ya watu nikiomba kitu kimoja tu, kwamba yule kijana anikaidi. Kwamba ainue ubao bila mimi kumwambia." Nilimuuliza kwa nini basi hakushuka. Okello akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. "Kwa nini wewe hukupanda?"

Nikauliza lile jingine, kama mzee alijua, siku ile nilipomwambia iko sawa. "Siku ile hapana," Okello akasema. "Alikumbuka baadaye, barua ilipokuja. Alisema uso wako ulikuwa uso wa mtu aliyeshiba."

Kwamboka alikuja kutuita. Ni bibi sasa, mnene, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alinishika mkono akasema, "Bwana Mokaya, ndani, ndani. Umewekewa kiti." Chumba kilikuwa kilekile, dari imewekwa, viti vipya, vitambaa vya kufumwa vilevile. Akaninawisha mwenyewe, akanipakulia, ugali na chinsaga na paja la kuku, paja zima. Sijui alikumbuka au ni desturi tu ya kumheshimu mgeni. Harufu ya ile chinsaga ilipanda, na pua yangu ikaleta na mambo mengine. Nikasimama na sahani yangu. Nikapita katikati ya chifu na mchungaji, nikazunguka nyuma ya nyumba. Jiwe lipo, maji ya paa yamelitoboa shimo dogo katikati. Nikaketi na suti yangu. Kuku wakaja.

Watu walichungulia dirishani kuona. Nilimsikia mchungaji akisema, sauti ya kutosha kunifikia, kwamba tazameni, tajiri mzima ameacha viti akakaa chini na kuku, huo ndio unyenyekevu. Wengine wakaitikia. Mtu akasema mtoto wake ajifunze. Okello alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mikono ndani ya lile koti fupi, akiningoja niseme neno. Niliwaacha wanisifu. Nikala chakula chote nikamaliza.